Pipa la Posho

Nyuma ya nyumba ya babu, hapa Kehancha, kuna pipa la chuma la lita 200 lililokaa juu ya mawe matatu. Siku hizi linakinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, na watoto wa shangazi huchota humo maji ya kuosha miguu kabla ya kulala. Lina matundu mawili yaliyochomelewa vipande vya paipu, moja karibu na juu, lingine karibu na chini. Yameibwa kwa vitambaa na mpira wa baiskeli. Mgeni akiyaona huuliza ni nani alitoboa pipa zuri namna hii.

Nilikuwa nalipita pipa hilo kila siku bila kuliangalia, mpaka mwaka huu nilipoanza kupanga kujenga kompyuta ya kupozwa kwa maji.

Nieleze kidogo. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Chuo niliacha mwaka wa pili, nitafika hapo. Kazi zangu nyingi hutoka mtandaoni: maandishi, tafsiri, na siku hizi video fupi za michoro kwa wateja ambao sijawahi kuonana nao. Mashine yangu nimeiunga mwenyewe kwa vipande vya mitumba kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, vilivyopanda basi la usiku hadi Migori na vikamalizia safari kwa matatu. Nikiipa video ya dakika tano kuisindika, feni zinalia kama nyuki waliochokozwa, prosesa inafika digrii 88, halafu inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kazi ya saa mbili inakuwa ya saa nne.

Kwa miezi kumi na minne niliweka akiba ya shilingi 118,000. Mpango ulikuwa mmoja tu. Nilishatazama picha nyingi mno za zile kompyuta zenye vioo pembeni, maji ya rangi yakizunguka ndani kama damu. Nikamwambia Mama.

"Kompyuta ya maji?" akauliza huku anachambua maharage. "Tangu lini maji na stima vikakaa nyumba moja?"

Nikamwambia watu wanafanya hivyo duniani.

"Babu yako alikuwa na mashine ya maji. Unajua iliishia wapi."

Najua. Na hilo ndilo lililonirudisha kwenye pipa.

Kabla stima haijafika kijijini kwetu, unga wetu wote ulitoka kwenye poshomili ya babu. Kibanda kilikuwa cha mabati, na ndani yake mlikuwa na kinu na injini ya dizeli ya aina ya Lister. Ukikulia upande wowote wa Kenya, Uganda au Tanzania, mlio wake unaujua hata kama jina hulijui: tuk, tuk, tuk, taratibu, unasikika mto wa pili. Kampuni ya Lister ya mji wa Dursley, Uingereza, ilianza kutengeneza injini hizo karibu mwaka wa 1930. Ilikuwa na silinda moja, magurudumu mawili makubwa ya chuma, na mizunguko kama 650 tu kwa dakika. Baadaye mafundi wa Rajkot, India, wakaiga, na nyingi ya zile zilizokuja kwetu zilikuwa za Rajkot. Ya babu ilikuwa mojawapo.

Injini hiyo haikuwa na rejeta wala pampu ya maji. Ilikuwa na pipa. Paipu ya juu ilitoka kwenye kichwa cha injini, ikapenya ukuta wa mabati, ikaingia juu ya pipa. Paipu ya chini ilitoka chini ya pipa ikarudi kwenye injini. Maji yakipata moto ndani ya injini yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe hadi kwenye pipa. Yakipoa yanakuwa mazito, yanashuka na kurudi. Hakuna kitu kinachosukuma isipokuwa joto lenyewe. Injini ilikaa ndani, pipa likakaa nje kivulini. Sisi watoto tulijua kwamba ukiweka mkono juu ya pipa saa kumi jioni unaungua, na ukiuweka chini unasikia baridi.

Mwaka mmoja nikiwa darasa la sita, babu alikwenda msiba Isebania akaniachia kazi ya kuangalia maji. Pipa lilikuwa limejaa, nikaona mambo sawa. Sikujua kwamba paipu ya chini ilikuwa imeziba kwa matope na ukijani wa miezi mingi. Maji yalikuwapo lakini hayakutembea. Alasiri mlio ukabadilika, ukawa mzito, halafu injini ikakwama na akina mama wakiwa kwenye foleni na debe zao za mahindi. Fundi alichukua siku tisa kuirudisha. Babu hakunipiga. Alinionyesha ile paipu, akaigonga kwenye jiwe mpaka matope yakatoka, akasema maji yaliyosimama hayapozi kitu.

Injini ile ilifanya kazi miaka mingine kadhaa. Nilipoitwa chuo kikuu, aliiuza. Fundi mmoja aliichukua kwa bei ya vyuma na vipuri, na pesa hizo zikalipa muhula wangu wa kwanza na godoro. Pipa halikununuliwa. Miaka miwili baadaye karo ikatushinda, nikarudi nyumbani na godoro.

Kwa hiyo Mama akisema najua iliishia wapi, anamaanisha mimi.

Nilianza kusoma historia ya kupoza kompyuta kwa maji ili nimjibu. Nilitarajia kukuta hadithi ya vijana wenye pesa na taa za rangi. Nilichokuta ni hadithi ya poshomili.

Kompyuta zilikuwa na shida ya joto tangu siku ya kwanza. ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani Philadelphia mwaka wa 1946, ilikuwa na vali za kioo karibu 18,000 na ilikula kilowati 150. Yote hayo yaligeuka joto. Waliipoza kwa hewa, kwa mashine kubwa za kupuliza. Hewa ina uzuri wake: ni bure, haivuji, na haikufi mashine kwa kuimwagikia. Tatizo ni kwamba hewa haibebi joto vizuri. Chukua lita moja ya maji na lita moja ya hewa, uzipandishe joto kwa kiwango kile kile: maji yatakuwa yamebeba joto zaidi ya mara elfu tatu. Ndiyo maana babu hakuweka feni mbele ya Lister.

Katikati ya miaka ya 1960 IBM ilifika hapo hapo. Kompyuta yao ya System/360 Model 91, ambayo NASA ilikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo, ilikuwa na saketi zilizosongamana kiasi kwamba hewa peke yake haikutosha. Wakapitisha maji. Kufikia 1980 walipotangaza IBM 3081, jambo hilo lilikuwa limekuwa sanaa. Chipu zaidi ya mia moja ziliwekwa kwenye moduli moja. Mgongoni mwa kila chipu kulikuwa na kipini cha chuma kilichosukumwa na springi, nafasi zilizobaki zikajazwa gesi ya heliamu, na juu ya yote likakaa bamba lenye mifereji ya maji baridi. Mwaka wa 1985 Cray-2 ikapita mbele zaidi: saketi zake zilizamishwa zote ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Watu waliipa jina la utani, Mapovu.

Halafu, katikati ya miaka ya 1990, IBM ikaacha maji.

Hapo nilisimama, maana nilidhani historia huenda mbele tu. Wangeachaje kitu kizuri hivyo? Kumbe hawakupata njia bora ya kupoza. Walibadilisha transista zenyewe. Aina ya zamani ilikula umeme hata ikiwa imetulia. Aina mpya, CMOS, ilikula umeme mdogo mno, na kompyuta kubwa zilizotengenezwa nayo zikaweza kupozwa kwa feni. Mabomba yote yale yakawa hayana kazi.

Nilivyosoma hivyo nikakumbuka poshomili ya leo, pale karibu na stendi. Baada ya mradi wa serikali wa Last Mile kuanza 2015, nyaya za stima zilizidi kusambaa vijijini, na vinu vingi vikahama kutoka dizeli hadi mota ya umeme. Mota ina kifeni kidogo mgongoni, basi. Hakuna pipa. Hakuna mtoto wa kuangalia maji. Hakuna aliyesema pipa lilikuwa kosa. Mashine ilibadilika, na swali ambalo pipa lilikuwa linajibu likaondoka nayo.

Nikaandika kwenye daftari: watu hutumia maji wanapolazimika, na huyaacha siku ile ile wanapoacha kulazimika. Halafu nikajiuliza kama mimi nimelazimika.

Upande wa kompyuta ndogo, za mezani, historia ilikwenda kinyume. Prosesa za 486 za mwanzo, mwaka wa 1989, zilifanya kazi bila feni. Mwaka wa 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba ukipunguza ukubwa wa transista, umeme wake nao unapungua kwa uwiano, kwa hiyo joto kwa kila kipande cha eneo linabaki pale pale. Sheria hiyo iliwabeba watengenezaji kwa miaka thelathini hivi. Kisha ikachoka. Mwaka wa 2004 Pentium 4 mpya zilipita wati 100, na Oktoba mwaka huo Intel ikafuta mpango wa kuuza ya gigahezi 4. Mwaka huo huo Apple ikauza Power Mac G5 iliyopozwa kwa kimiminika kutoka kiwandani. Baadhi zilikuja kuvuja na kuharibu mashine nzima. Mama angecheka.

Lakini vijana walikuwa wameshatangulia makampuni. Mwaka wa 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei rahisi, Celeron 300A. Watu wakagundua kwamba kwa kubadilisha mpangilio mmoja tu, ya megahezi 300 inakimbia kwa 450. Wengine wakataka zaidi, na zaidi maana yake joto. Madukani hakukuwa na vifaa vya maji vya kununua, kwa hiyo wakatafuta vilipo. Pampu walitoa kwenye matangi ya samaki. Rejeta walizing'oa kwenye hita za magari yaliyokufa. Bloku, yaani kile kipande kinachokaa juu ya prosesa na kupitisha maji, walitoboa wenyewe kwenye kipande cha shaba. Hata pampu maarufu kuliko zote katika mambo haya, D5 ya kampuni ya Laing ya Ujerumani, inatoka kwa watu waliokuwa wakitengeneza pampu za kuzungusha maji ya moto majumbani.

Unaelewa? Hii ni jua kali. Wale vijana wa Marekani na Ulaya walikuwa wanafanya kile ambacho fundi yeyote wa Migori angefanya, na walifanya kwa sababu hawakuwa na pesa. Lengo lilikuwa kununua prosesa ya bei ya chini na kuifanya ikimbie kama ya bei ya juu. Maji yalikuwa njia ya kubana matumizi.

Kisha maduka yakaja, na yakageuza mambo. Mwaka wa 2009 Corsair ikauza H50, iliyotengenezwa na Asetek ya Denmark: pampu, bloku na rejeta vimeshafungwa pamoja kiwandani, maji ndani, unafunga skrubu nne umemaliza. Mtu aliyetaka tu prosesa baridi hakuwa tena na sababu ya kukata mipira. Waliobaki wakijenga mifumo yao wenyewe walikuwa na sababu nyingine: utulivu wa kelele, kupoza na kadi ya grafiki pia, urembo, au raha ya kujenga. Si sababu mbaya. Ila bei zikafuata urembo.

Sasa nikupe hesabu yangu, maana ukitafuta hesabu ya mtu wa huku hutaipata kirahisi. Nilitumia bei za dola nilizoziona kwa wauzaji wa nje, nikageuza kwa shilingi 130.

Bloku ya prosesa, dola 70. Bloku ya kadi ya grafiki, 140. Pampu na tangi lake dogo, 110. Rejeta mbili za feni mbilimbili, 60 kila moja. Feni nne, 15 kila moja. Mpira wa maji na maji yenyewe, 25. Mpaka hapo unajiona umemaliza. Halafu unafika kwenye fitingi, vile vichwa vinavyoshika mpira. Kila kifaa kina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Bloku mbili ni minne, pampu miwili, rejeta mbili minne, na ukitaka mfereji wa kumwagia maji siku ya usafi, miwili tena. Kumi na miwili. Kila fitingi dola 6. Dola 72 kwa vichwa vya mpira! Hapo ndipo wengi wanaojenga mara ya kwanza huanguka, kwa sababu fitingi hazionekani kwenye picha.

Jumla: dola 597, sawa na shilingi 77,610. Usafiri niliukadiria dola 90. Ongeza VAT ya asilimia 16 na tumeshapita laki moja na elfu tatu, kabla ya ada nyingine za forodha. Kompyuta yenyewe yote ilinigharimu 62,000.

Nilikaa na hiyo karatasi siku mbili. Mtu mwenye akili timamu ananunua shuka kubwa kuliko kitanda?

Nikamwendea fundi wa rejeta sokoni, mzee mmoja anayeziba matundu ya rejeta za Probox tangu sijazaliwa. Nilitaka kujua kama rejeta ndogo ya hita ya gari ingeweza kufanya kazi, kama wale wa 1998.

"Ni ya shaba au ya alumini?" akauliza.

Nikasema bado sijui.

"Basi jua kwanza. Hiyo bloku yako ni shaba. Ukizungusha maji yale yale kwenye shaba na alumini, alumini italiwa. Miezi sita unaona uji ndani."

Nikamuuliza maji gani yanafaa. Akasema ya betri, yale safi yasiyo na asidi, si ya mto wala ya bomba. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza kwa miezi kumi na minne.

"Hilo joto unalitoa kwenye mashine, unalipeleka wapi?"

Nikasema kwenye rejeta.

"Na rejeta iko wapi?"

Kwenye kasha la kompyuta, nikasema. Chumbani.

Hakusema kitu zaidi. Alikuwa na mteja.

Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuanza nayo. Prosesa yangu ikikazana inakula wati kama 90. Kadi ya grafiki 170. Jumla wati 260, joto la zaidi ya balbu nne za zamani za wati 60. Si kidogo, lakini si nyingi. Maji yakizunguka lita nne kwa dakika, joto lote hilo linayapandisha digrii moja tu kila yanapopita. Kwa maji ni kazi ya kitoto. Lakini maji hayali joto. Yanalihamisha. Yanalichukua kwenye chipu, yanalipeleka kwenye rejeta, na rejeta inalimwaga kwenye hewa iliyo karibu nayo. Na rejeta, hata iwe ya dhahabu, haiwezi kuyafanya maji yawe baridi kuliko hewa hiyo.

Nikatundika kipimajoto chumbani. Chumba changu ni cha futi kumi kwa kumi, mabati juu, hakina silingi. Saa nane mchana: digrii 34. Nje, chini ya mwembe: 27.

Digrii saba zilikuwa zinatoka kwenye paa, na mimi nilikuwa naenda kutumia laki moja kupambana na prosesa. Ningejenga kitu cha kupendeza, kinachochota joto kwa ustadi kutoka mahali pamoja pa chumba cha moto na kulimwaga mahali pengine pa chumba hicho hicho. Babu, ambaye aliishia darasa la nne, hakufanya kosa hilo. Pipa lake lilikuwa nje ya ukuta.

Na sasa maji yamerudi kwa wakubwa, si unajua. Kadi ya Nvidia RTX 5090, ya mwaka 2025, peke yake inakula hadi wati 575. Kabati moja la mashine za akili unde, lile la GB200 NVL72 lililotangazwa Machi 2024, linahitaji umeme wa kilowati kama 120, na hupozwa kwa kimiminika kwa sababu hewa imeshindwa tena. Yaani kabati moja linakaribia ENIAC nzima. Mei mwaka huo huo Microsoft na G42 walitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Tukisikia habari za aina hiyo huwa tunauliza ajira ngapi na intaneti ya kasi gani. Swali la fundi wa rejeta nalo ni la kuuliza: joto linakwenda wapi, na maji yanatoka kwa nani?

Wakati nikiwa bado na hesabu zangu, barua ya sistangu mdogo ikaja. Amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Muhula wa kwanza pamoja na vifaa, shilingi 60,000. Mama hakuniomba. Aliiweka barua mezani karibu na kompyuta, akatoka kwenda kulisha kuku.

Sitakudanganya kwamba niliamua palepale. Nililala siku tatu nikijiambia akiba ni yangu, jasho ni langu, na mwenye kuzaa si mimi. Siku ya nne nilimkuta babu amekaa nje kwenye kiti chake karibu na pipa. Sasa haoni vizuri. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kuthubutu: kama alijuta kuuza injini.

Akafikiri.

"Ile injini ingekufa tu," akasema. "Stima ilikuwa inakuja. Nilijua."

"Na mimi sikumaliza chuo, babu."

"Eeh. Hukumaliza." Akanyamaza kidogo. "Lakini wewe niliyekuuzia injini bado uko hapa."

Basi hesabu imekuwa hivi. Sixty imekwenda kwa sistangu. Silingi ya chumba, bodi nne na mbao na misumari na fundi, ilichukua 14,500. Feni mpya ya prosesa, ile ndefu kama mnara yenye mabomba ya shaba, 5,200 pamoja na usafiri. Nilipima tena saa nane mchana: chumba digrii 29, prosesa ikikazana 74, na haijipunguzii kasi. Video ya saa nne imerudi kuwa ya saa mbili na robo. Kama shida ilikuwa kazi, shida imekwisha, na hakuna tone la maji lililohusika.

Zimebaki shilingi 38,300.

Na bado naitaka ile kompyuta ya maji. Siwezi kukuficha. Nimeshajua silazimiki, na bado naitaka, kama vile mtu anavyotaka kujifunza gita. Tofauti ni kwamba sasa naipanga kuanzia mwisho, yaani kuanzia pale joto linapotokea. Prosesa peke yake kwanza, kadi ya grafiki itasubiri. Bloku 9,100. Pampu na tangi 14,300. Fitingi nane, 6,240. Mpira na maji 3,250. Rejeta ya hita ya gari, ya shaba, fundi wa sokoni amesema atanitafutia kwa 2,500 na kuipima kama haivuji. Jumla 35,390, bila usafiri na kodi. Ukiziongeza hizo, naishiwa. Kwa hiyo ni ya mwakani, labda.

Rejeta haitakaa kwenye kasha. Itakaa nje, chini ya upenu, upande wa kivuli. Jumamosi iliyopita nilichukua utepe nikapima kutoka mezani hadi ukutani: mita mbili na nusu kwenda, mbili na nusu kurudi. Mama alitoka akanikuta nimeinama nyuma ya pipa na kalamu.

"Unafanya nini huko?"

Nikamwambia natafuta pa kutoboa.

"Utoboe ukuta," akasema. "Pipa la mzee liache."